Jiwe Lililokaangwa Kiambi

Lori lilipoingia Kalemie, Philomène aliliona ziwa kwa mara ya kwanza, lakini hakulitazama sana. Alikuwa amepakata fundo la kitenge tangu Kiambi, na ndani yake mlikuwa na jiwe.

Mumewe, Toussaint, aliyeketi kando yake, alilitoa kwenye shimo la kasiterite, madini ya bati; lilikuwa vipande bapa vya mraba, vyembamba kama magamba ya samaki, vya kijani kinachong'aa. Waliambiwa wampelekee Papa Sulemani, anayewauzia wazungu mawe ya kuweka kabatini. Akilinunua, Toussaint hatarudi tena kwenye shimo lililowafukia kaka zake. Watafungua duka hapa mjini.

Asubuhi ya kuondoka, Philomène alifanya wanachofanya wake wote wa wachimbaji kule kwao. Aliliweka jiwe juu ya bati, akawasha moto chini yake, akawa anaupuliza. Kasiterite yenye maji wanunuzi huipunja kwenye mzani, naye hakutaka mumewe apunjwe.

Dukani, Sulemani alimpa Philomène kiti, akafungua fundo. Magamba yalikuwa yamepauka. Aligusa moja kwa ukucha, likamomonyoka.

"Nimelikausha vizuri, Papa," Philomène alisema.

Sulemani alicheka mpaka akakohoa. Akawaita majirani waje wamwone mama aliyekaanga torberniti kama dagaa. Kisha akaeleza polepole, kama mtu anayefundisha watoto, kwamba jiwe hilo ni la shaba na urani, na kwamba magamba yake hushikiliwa na maji yaliyomo ndani. Moto ukiyatoa maji hayo, jiwe hufa rangi na kupasuka. Hata ulizamishe ziwani, halirudi kuwa lilivyokuwa.

Akatoa kijisanduku cha kupimia mionzi ya urani, akakisogeza kwenye jiwe. Kikaanza kulia haraka haraka.

"Urani haikuenda popote," alisema. "Moto njo umetoa maji tu."

Akakipitisha juu ya kitenge, kisha juu ya vidole vya Philomène, na vumbi lililokuwa kwenye kucha zake likakiliza tena. Akamwamuru ainuke kwenye kiti. Philomène aliuliza kama anaweza kunawa. Sulemani akajibu kwamba mikono itatakata kwa sabuni; vumbi alilolivuta alipokuwa akipuliza moto, hilo hakuna wa kuliosha.

Toussaint alikuwa amesimama karibu na mkewe. Alirudi nyuma hatua moja.

"Ni bati lile unalonikaangia samaki?"

Majirani walicheka tena.

Nje, lori lililowaleta lilikuwa linageuza. Toussaint alipanda nyuma, juu ya magunia, na mkewe aliposhika ubao ili apande, mumewe aliuondoa mkono huo kwa ncha ya kiatu.

"Baki na jiwe lako, Mama. Mimi narudi shimoni. Wewe njo umenirudisha."

Lori likashika njia ya Kiambi. Philomène alibaki barabarani, mikono ameitenga na mwili wake, hajui aiweke wapi.