Wawindaji wa sungura walivamia shamba letu Ibra, mama akawatandikia mkeka wa kahawa

Assalaam alaykum wakuu, wenye shikamoo zenu nawapa.

Jambo hili nimekaa nalo muda, nikijiuliza niandike au ninyamaze. Leo nimeamua. Yote nitakayosema yametokea, na pale nilipoonekana mjinga nimejiacha hivyo hivyo, sikujipaka poda.

Kwa msionijua, mimi nimezaliwa huku huku Oman, wazee wangu wametoka Pemba. Naishi na mama yangu nje kidogo ya mji wa Ibra, kwenye shamba aliloachiwa na marehemu baba. Mitende, midimu, mbuzi, matuta ya mama ya bamia na mchicha, na konde kubwa la majani ya mifugo.

Majani hayo huku yanaitwa gatt. Ni chakula cha mbuzi jamani, msije na mirungi yenu hapa.

Sasa hayo majani sungura wanayapenda kuliko mbuzi. Wanatoka jangwani kila giza likiingia wanakuja kula. Na palipo na sungura, hapakosi watu wenye mbwa.

Mbwa wenyewe wanaitwa saluki. Wembamba, miguu mirefu, ukimwona mchana utamwonea huruma, utadhani hajala tangu mfungo. Gari inaingia shambani na taa kali, sungura anatimka, mbwa anaachiwa, na gari inamfuata mbwa popote aendapo.

Kuwinda ni marufuku kisheria. Kuingia shamba la mtu ni marufuku. Kukanyaga majani ya mama yangu nilidhani nako ni marufuku, kumbe ni mimi tu ndiye niliyekuwa nadhani.

Asubuhi tunakuta uzio umelala, majani yamesagwa, na mara moja mbuzi wetu mmoja aliharibu mimba kwa hofu ya mbwa. Mama namkuta amekaa juu ya kitanda na tasbihi yake, hajalala. Mwanamke wa umri wake, taa za gari zinapita ukutani kwake, ataota nini?

Hapo ndipo alipoingia kaka yangu Nassor.

Nassor anakaa Maskati, mtu wa ofisi, kila kitu kwake kina utaratibu. Akasema mambo ni mawili: ama hizi gari zikome kabla ya mavuno ya tende, ama mama ahamie kwake na shamba likodishwe. Nyumba yake ni ghorofa ya tatu, lifti ipo, AC kila chumba. Kwa haki hakuwa na nia mbaya.

Mama aliposikia alichukua ndoo akaenda kuumwagilia mchicha aliokwisha kuumwagilia. Nikajua kuwa mama yangu akipandishwa lifti ile, hatakaa sana duniani.

Basi nikajipa ukamanda.

Kwanza nikafunga kamera za sola. Zikanipa video nyingi za mbuzi wetu na moja ya saluki aliyesimama akaitazama lenzi kwa utulivu, picha safi, angeipeleka uhamiaji wangempa pasipoti. Namba ya gari haikuonekana, wameipaka tope.

Kisha nikaweka bango, maandishi mekundu, Kiarabu kizuri kabisa: hairuhusiwi kuingia. Siku ya tatu silioni. Nikalikuta mbele huko kwenye mchanga, walikwama wakalitia chini ya tairi.

Nikapeleka malalamiko kwenye grupu letu la WhatsApp la wenye mashamba. Wakuu, walilaani! Voice note juu ya voice note. Halafu mmoja akauliza nani anauza dume la mbuzi, mazungumzo yakahamia huko.

Polisi walinisikiliza vizuri, wakaniomba namba ya gari. Nikarudi nyumbani na kamera zangu.

Sasa sikilizeni mtego uliofanya kazi, ambao mimi sikuutega.

Huku mashamba yananyweshwa na falaj, mfereji wa maji wa mji mzima, na kila mwenye shamba ana zamu yake. Zamu yetu safari hiyo iliangukia usiku. Nikayaelekeza maji kwenye konde la majani, nia yangu nikae kidogo kisha niyahamishie kwenye mitende. Nikajinyoosha tu, nipumzishe mgongo.

Nilipofumbua macho ni adhana ya alfajiri, na zamu nzima imekwenda konde moja.

Nikatoka mbio nikijilaani. Kufika, nakuta konde limekuwa bwawa, na katikati ya bwawa pikapu imezama mpaka milango. Ukingoni saluki wawili wamefungwa kwenye mtende wetu, wamejikunja kwa baridi. Na watu watatu.

Damu ikanipanda. Nimeshika koleo, simu mfukoni, namba ya polisi nimeihifadhi mwanzo kabisa. Nikawaendea.

Wanaswali.

Sasa wewe utamkamataje mtu aliye kwenye rakaa? Nikasimama na koleo langu. Halafu nikakumbuka kuwa na mimi sijaswali. Jua haliningoji. Nikaweka koleo chini, nikatawadha kwenye mfereji, nikajiunga safu ya nyuma.

Ndiyo wakuu, aliyekuwa akinivunjia uzio ndiye alikuwa imamu wangu. Na alisoma vizuri, siwezi kumdhulumu.

Alipotoa salamu akageuka, tukatazamana. Mtu mzima, mnene, ndevu nyeupe, kanzu ina tope mpaka kiunoni. Akanisabahi kwa Kiarabu kama watu tulioahidiana. Nikafungua mdomo nianze kumpa vipande vyake, nikasikia sauti ya mama nyuma yangu.

Mama kaja na mkeka, birika la kahawa na sinia la tende.

Lazima niwaeleze kidogo hapa. Huku mgeni haulizwi shida yake mpaka anywe kahawa. Na akishakunywa yuko chini ya dhamana yako, ukimgeuka utaitwa jina ambalo wajukuu zako watalirithi. Kwa hiyo kikombe cha kwanza kikishuka tu kooni, mimi na simu yangu tumekwisha.

Nikamwambia mama kwa Kiswahili, haraka haraka, uso nimeukunjua kama ninayesifia tende:

"Mama, usiwape! Ndio wenyewe hawa mahabithi. Wazungushe kwa maneno, mie nipige simu. Yule mnene kama kiboko ndiye mkubwa wao."

Mama naye kwa Kiswahili, huku anamimina:

"Nyamaza, usinitie aibu. Huoni mtu mzima anatetemeka? Mpe mto akalie."

Yule mzee akapokea kikombe. Akanywa taratibu. Mama akamtia cha pili, akanywa. Kisha akakitikisa kikombe, ndiyo alama ya kuwa ametosheka, akakirudisha kwa mkono wa kulia.

Akasema, "Shikamoo, mama. Kiboko ameshukuru."

Wakuu, nilitamani konde linimeze kama lilivyoimeza ile pikapu.

Sisi watoto wa Zanzibar huku tuna ugonjwa huu. Tukitaka kumsema mtu mbele yake tunaingia kwenye Kiswahili tukajifungia mlango, na tunasahau kuwa nusu ya mji ina ufunguo. Sharqiyah hii, mkoa uliojaa watu waliotoka Zanzibar! Utamsengenya nani kwa Kiswahili Ibra usisikike?

"Marahaba," mama akasema, wala hakushtuka. "Kwenu wapi?"

"Mama yangu wa Wete."

"Wete pahala gani?"

Basi. Nyie mnajua. Ikawa fulani bin fulani, nyumba ya karibu na msikiti, nani kamuoa nani, nani kafia wapi. Jina lake Khalfan. Wale wenzake wawili hawajui neno, wanakula tende wakitazama huku na huku, na mimi namimina kahawa kwa sababu mdogo pale ni mimi.

Walipomaliza kufukua makaburi, mama akamtazama usoni.

"Khalfan. Taa zenu zikipiga ukuta wangu, mie nakaa kitako mpaka kupambazuke. Sikulaumu kwa majani, majani yataota. Lakini mwanangu wa Maskati anataka kunihamisha kwa sababu yenu. Mie nimeshahamishwa mara moja kutoka Pemba, ningali msichana, na mkoba mmoja mkononi, nimeacha chungu kiko jikoni. Sihami tena. Nataka nife hapa hapa kwenye mchicha wangu."

Sikuwahi kumsikia mama akitaja habari ya chungu kile. Umri wangu wote huu. Nilisimama na birika, nimesahau kumimina.

Khalfan alikuwa anapangusa tope kwenye mkono wa kanzu, tope ambalo halitoki.

"Mama yangu naye aliacha mlango wazi," akasema. "Hutoiona tena taa yetu."

Tukaivuta pikapu kwa trekta ya jirani. Niliifunga kamba mimi mwenyewe.

Na taa hatukuiona tena. Si ya kwake tu, hata za wawindaji wengine. Nilikuja kusikia sokoni Sinaw kuwa Khalfan amewatangazia wenzake: "Lile shamba ni la mama yangu mdogo, atakayelikanyaga amenikanyaga mimi." Saluki wake siku hizi anawashindanisha mbio kwenye viwanja vya halali.

Nassor alikuja mwenyewe kuhakikisha. Alilala siku kadhaa, usiku kimya, mpaka akalalamika kuwa kimya chenyewe kinamkosesha usingizi. Wakati wa kuondoka akamwambia mama, "Haya, baki." Mama akamwambia, "Nani alikuomba ruhusa?" kisha akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka macho mekundu, kashika mfuko wa mchicha wa kumpa.

Najua wapo watakaosema ungewashtaki, sheria ni sheria. Na mimi nilisema hivyo hivyo, tena nilikuwa na koleo. Funzo nililolipata ni dogo tu: mimi nilitaka kumkamata mtu, mama alitaka kulala. Yeye ndiye aliyekuwa akijua anachokitaka.

Sasa Khalfan anakuja kila Ijumaa, kwa lango kubwa, mchana kweupe, na kopo la halua.

Tatizo limebaki moja. Sungura wamepata habari kuwa kwetu kuna amani. Wamekuja na ukoo wao. Gatt hawaitaki tena, wamehamia kwenye mchicha wa mama.

Ijumaa iliyopita namimina kahawa, namsikia mama anamuuliza Khalfan kwa sauti ya chini, na kwa Kiswahili, eti nisielewe:

"Hebu niambie, mwanangu. Wale mbwa wako hawajambo?"

Wenye mashamba, semeni yenu. Na anayejua njia ya halali ya kumzuia sungura asile mchicha aandike hapa upesi, Ijumaa inakaribia.