Herufi Saba Mlangoni

Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, wakikaushwa juani bado hunisimamisha njiani. Wengine ikiwafikia huanza kuona njaa. Mimi huanza kuhesabu. Ndagala ndio tuliojifunzia hesabu kule Uvira katika gardieni, masomo ya watoto ambao hawajaingia mwaka wa kwanza, miaka michache baada ya uhuru, wiki ile waasi walipokuwa wakiteremka kutoka milimani.

Mwalimu wetu, Mamzele Yozefina, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole. Jumatatu alimpa kila mtoto samaki mmoja mkavu na kutuimbisha: moja, mbili, tatu, mpaka thelathini. Jumanne alitoa tena samaki thelathini, lakini kumi na mmoja walibaki mezani bila wenyewe. Mtoto mmoja akauliza hao ni wa nani. Mamzele akawakusanya haraka ndani ya kitambaa, akasema, "Leo tunajifunza kutoa." Sisi tulifurahi kujua kutoa. Wenzetu walikuwa wamevushwa ziwa kwenda Bujumbura, nasi tukadhani wanaumwa.

Nyumbani watu wazima waliongea kwa kunong'ona. Baba yangu alikuwa karani katika ofisi ya serikali, na habari kutoka bondeni Ruzizi zilisema waasi wanawatafuta makarani kwa majina. Siku hiyohiyo aliacha kwenda kazini. Akahamia jikoni, kijumba cha nyuma, akakaa katikati ya magunia ya mihogo akingoja nafasi kwenye mtumbwi. Mama alinionya: "Safi, mutu akiuliza baba, sema alienda Rurambo kununua ng'ombe." Nilikubali, ingawa nilishangaa kwa nini mtu aliyeenda Rurambo anakohoa jikoni kwetu.

Jumatano tulichora herufi mchangani ufukweni. Alhamisi tuliandika majina yetu kwa chaki kwenye ardwazi, vile vibao vyeusi. Langu lilikuwa na herufi nne tu, nikamaliza kabla ya wote na kuanza kujidai.

"Mamzele, uniandikie na ya baba."

Alichungulia nje kwanza. Kisha akaandika ANSELMI, nami nikalinakili mpaka mkono ukauma. Kabla hatujatoka alilifuta mwenyewe, akanishika kidevu. "Hii ibaki mu kichwa, Safi. Usiiandike fasi ingine."

Nilisikia nusu ya kwanza tu. Nilirudi nyumbani na kipande cha chaki ndani ya shavu, kama peremende, na jioni ile nikaliandika jina la baba kwenye mlango wetu wa mbele, herufi kubwa kama viganja vyangu. Nilitaka alione siku atakapotoka jikoni. Mama alipita na ndoo, akauliza ni nini. Nikamwambia ni masomo. Hakujua kusoma. Alisema tu niache kuchafua mlango, akaenda zake.

Ijumaa asubuhi hakukuwa na masomo. Watu watatu wenye bunduki waliingia uani kwetu. Wawili walikuwa vijana, majani yamefungwa vichwani mwao. Wa tatu alikuwa mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza kuota mvi, na mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa. Aliutazama mlango. Akaitazama karatasi. Akautazama mlango tena.

"Inasema nini?" akauliza kijana mmoja.

Yule mzee alichuchumaa mbele yangu. "Weye njo uliandika?"

"Njo minye," nikakubali kwa fahari.

"Jina yako nani?"

"Safi."

Alisimama. "Ni mutoto ameandika jina yake," akawaambia wenzake. "Safi."

Nilimwonea huruma. Mtu mzima, na hajui kusoma! Nikasema kwa sauti ya darasani: "Hapana, baba. Safi iko na herufi ine. Hii iko saba."

Mama, aliyekuwa amesimama karibu na jiwe la kusagia, aliketi chini ghafla. Vijana wakasogea mlangoni. Nakumbuka kuku mmoja akiparua vumbi, na kutoka jikoni hakuna kikohozi hata kimoja.

Yule mzee alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Aliweka kiganja juu ya mlango, akafuta herufi tatu za mwisho. "Sasa iko ngapi?"

Nikahesabu. "Ine."

"Vizuri. Mwambie mwalimu wako unajua kutoa." Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Twende. Hapa iko wanawake tu."

Wakatoka.

Baba alipojitokeza jikoni alisimama mbele ya mlango ule. Mama akamuuliza, "Ilikuwa imeandikwa nini?" Baba alizifuta herufi zilizobaki kwa mkono wa shati lake, akainama akanishika kwa nguvu hata nikalia. Alfajiri iliyofuata alivuka ziwa amelala chini ya nyavu, nasi hatukumwona tena mpaka vita vilipopoa.

Kwa miaka mingi niliwachekesha wenzangu kwa hadithi ya mwasi aliyeshindwa kusoma jina la herufi saba. Baba aliisikia mara moja, nikiwa msichana mkubwa. Hakucheka. Alisema, "Mwanangu, yule mutu alikuwa na jina langu mu mukono, mu ile karatasi." Nikaingia chumbani, nikakaa kitandani.

Sijui kama mwasi yule alikuwa mwalimu kabla ya kushika bunduki, wala kama alirudi kwao. Katika wiki ile nilifundishwa kuhesabu, kusoma na kuandika, nikajiona nimemaliza elimu. Jina la mtu yule sikumuuliza.