Shimo la Baba Pale Kinama

Harufu ya udongo uliolowa hunirudisha mtaani kwetu Kinama, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, mvua zikiwa zimekatika na jua likikausha matofali mabichi ya baba. Baba aliteremka kutoka milimani kutafuta kazi mjini, na alijenga kama walivyojenga kwao: unachimba udongo karibu na mlango, unatia maji, unakanyaga, unafyatua matofali, na shimo unaliacha wazi kwa ajili ya chumba kitakachofuata. Kule mlimani mvua ikinyesha maji hushika njia yake hadi bondeni. Lakini Kinama ni tambarare kama meza. Maji yaliingia shimoni yakakaa, yakawa ya kijani pembeni, nami nilichuchumaa hapo nikitazama viluwiluwi vya mbu vikijipindapinda kama wacheza ngoma. Nilidhani ni samaki wachanga! Niliota kwamba wakikua tutawakaanga, tule na kuwaita majirani.

Mdogo wangu Dezire alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, na homa haikumwacha. Leo anacheka, kesho kutwa anatetemeka juani. Mama alimpeleka zahanati, wakarudi na vidonge vichungu, akapona, halafu homa ikarudi. Safari moja akaacha hata kulia. Mtoto yule alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima, na ukimya wake ulitutisha sote.

Jirani yetu Mama Furaha, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliyezaliwa Uvira, alikuja kumwona mgonjwa. Akasimama ukingoni mwa shimo, mikono kiunoni.

"Baba Dezire, we unafuga mbu?"

"Acha muchezo, Mama Furaha. Hii ni chumba ya watoto. Nikifukia, udongo ya kujenga nitatoa wapi?"

"Kwenu maji inateremuka. Hapa iteremuke iende wapi? Iko inangojea huyu mutoto."

Baba alimtazama Dezire mgongoni kwa mama, kichwa kimelegea. Kisha akaenda kwenye matofali yaliyokwisha kukauka, akachukua moja, akalitupa majini.

"Ayii! Baba Dezire, chumba yetu!" mama akapiga kelele.

Akatupa la pili. Angetoa wapi udongo mwingine wa kufukia, achimbe shimo jipya? Mama akamkabidhi mtoto kwa Mama Furaha, akaanza kutupa naye. Mimi nilibeba matofali kifuani huku nikiwalilia samaki wangu.

Homa haikwisha kabisa, maana mashimo ya majirani yalibaki, na mbu hawaulizi ua ni wa nani. Lakini ilipungua, Dezire akapata nafasi ya kunenepa. Siku hizi tunalala ndani ya vyandarua, lakini nikipita mtaa wa Carama bado naona watu wakichimba udongo karibu na milango yao. Husimama nikawaeleza, wengine hunisikiliza, wengine hunicheka. Sisi tulikulia sote katika chumba kimoja, tumebanana kama ndagala kwenye kikapu. Juzi Dezire, sasa mwanamume mwenye kitambi, alisimama katika ua ule wa zamani akinung'unika kwamba marehemu mzee hakutujengea watoto hata chumba kimoja.

"Alikujengea," nikamwambia. "Umesimama juu yake."