Kura Sifuri Kituoni kwa Mama

Asubuhi ya pili baada ya uchaguzi tulikuwa watu sita katika chumba cha nyuma cha saluni moja ya Thornton Heath. Hilo ndilo lilikuwa tawi la London la chama ambacho nje ya kaunti yetu kule nyumbani hakuna anayekijua, ingawa ndani yake kilikuwa kimetawala miaka mitano. Mimi nilikuwa katibu.

Picha za fomu za matokeo, zile zinazobandikwa kwenye milango ya vituo, zilikuwa zikiingia kwenye simu. Tulikuwa tunashindwa, lakini kwa kiasi cha kuvumilika. Kisha ikaingia fomu ya shule niliyosomea, anakopigia kura mama. Gavana wetu: sifuri.

Nikaikuza picha. Nikaikuza tena. Hapo hupiga kura mama, shangazi zangu wawili, kaka yangu na mkewe. Siku ya kura wote niliwapigia simu. Mama alinijibu, "Tushapiga, mwanangu. Usihofu."

"Wizi!" Mwenyekiti, muuguzi mstaafu asiyepandisha sauti kamwe, alipiga meza chai ikamwagika. "Hata mwizi huacha mbili tatu! Mpigie mama. Akiapa kwa wakili kwamba alitupigia kura, tunakwenda mahakamani. Weka spika, sote tusikie."

Barua ya kupinga matokeo nilikuwa nimeshaianza. Ilibaki neno la mama tu.

"Mama, kura ya gavana ulimpa nani?"

Nikasikia kuku wakifukuzwa.

"Uko peke yako?"

"Niko na wenzangu wa chama."

"Vizuri, nao wasikie. Sikuwapa nyinyi."



"Si uliniambia nisihofu?"

"Ulikuwa na haraka, nikakupa jibu la haraka. Zahanati mmeipaka rangi ya chama chenu, kisha mkaitia kufuli. Mwaka mzima nakwambia. Unasema, 'Mama, nitalifikisha.' Ulilifikisha wapi?"

Kitabu cha kumbukumbu kilikuwa mbele yangu. Kila mkutano una tarehe, ajenda na waliohudhuria. Nikafungua kurasa za mwaka ule, moja baada ya nyingine. Neno zahanati halikuwamo hata mara moja, na mwandiko wote ulikuwa wangu.

Mwenyekiti akaninong'oneza, "Andika mama ametishwa."

"Nani kanitisha?" simu ikajibu. "Mle kibandani nilikuwa peke yangu, baba. Na hawa wengine wapo hapa, waulizeni wenyewe."

Shangazi mdogo akadakia kwa mbali, "Mwambie zile fulana za chama avae yeye, huko kuna baridi!" Wakacheka. Chumbani kwetu hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti alinitazama, akingoja niandike. Nilifuta barua mstari kwa mstari, simu ikiwa bado wazi, kisha nikamuuliza mama zahanati ilifungwa tarehe ngapi.