Ripoti Niliyoandika Juu ya Joel wa Sinema

Mpaka saa hii moyo umekataa kukubali. Jumanne asubuhi mke wa Joel alinipigia simu, nikamwambia, "Mama Chela, hebu rudia." Akarudia. Joel wa Sinema ametuacha.

Nimelia jamani, sitaficha. Lakini pia nimepumua, na leo nitawaambia kwa nini, hata mkinihukumu.

Kwa nyinyi wadogo: miaka ya tisini, mimi na Joel tulikuwa tunazungusha sinema kwa mashamba ya chai, Kericho mpaka Bomet. Lori, jenereta, projekta, na skrini ya kitambaa cheupe, pana kuliko goli mbili zikiwekwa pamoja. Mimi nilikuwa mtu wa jenereta. Yeye ndiye alikuwa commentator.

Watu walikuja wakitarajia karate. Sisi tunawapa documentary ya mafuriko, ya radi, ya maporomoko ya ardhi. Kelele! Joel anashika maikrofoni: "Karate iko, mama. Lakini kwanza ngoja huu mlima ushuke." Wanacheka, wanakaa.

Filamu zilikuwa za Kiingereza, kwa hivyo ofisi iliyotuajiri ilitupa script ya Kiswahili, imepigwa taipu vizuri. "Wananchi watambue mabadiliko ya miinamo katika uoto wa asili." Nani angeelewa? Mimi nilidhani uoto ni ugonjwa.

Jioni moja, shamba moja karibu na Kapsoit, kwa skrini kuna mlima wa nchi za mbali unaanza kukatika. Watu wakasema, "Hiyo ni shida ya Wazungu." Joel akakunja ile karatasi akaitia mfukoni. Alikuwa amechuna chai miaka mingi kabla ya kuandikwa kazi hii ya sinema.

"Sikizeni. Kila asubuhi si unalaza fimbo juu ya majani, uone juu ya michai pamekaa sawa kama meza? Kama jana fimbo ililala vizuri, na leo katikati iko hewani, usifikirie ulichuna vibaya. Ardhi ndiyo imeshuka. Weka kikapu chini, toa watoto kwa nyumba, usingoje nyapara."

Hakuna aliyeuliza karate tena. Mama yangu alikuwa hapo mbele, amekalia kikapu chake. Hilo ndilo shamba alikuwa anachuna, na nyumba yetu ilikuwa chini ya kilima.

Sasa kosa langu.

Kila show ilikuwa na fomu: je, script imesomwa yote? Nilikuwa kwa probation, naogopa kufutwa. Nikaandika: "Hapana. Amesema maneno yake." Maneno manne tu!

Joel akaitwa ofisini, akatoka bila kazi. Akarudi kuchuna chai, hapo hapo karibu na Kapsoit. Aliniaga vizuri sana, akanikumbusha nibadilishe oil ya jenereta. Mimi nikaangalia viatu.

Ikaja mvua ya El Nino. Asubuhi moja mimi niko na lori Chepseon. Joel yuko mstari mmoja na mama yangu, wanachuna. Mama akalaza fimbo yake, ikacheza. "Joel, kuja uone hii kitu." Akalaza yake kando. Nayo ikabaki hewani.

Nyapara akasema hakuna mtu ataondoka na majani hayajapimwa. Mama yangu, na hana breki huyo mama, akamjibu: "Pima wewe. Mimi hii nilionyeshwa kwa sinema."

Vikapu chini! Wakashuka mbio, Joel mbele, wakitoa watoto, wakitoa wazee. Mgonjwa mmoja walimbeba na kitanda chake. Kabla ya saa nane mchana kilima kikalala juu ya zile nyumba. Kuku zilienda, masufuria yalienda, redio ya baba ilienda. Mtu hakuenda hata mmoja.

Kesho yake nilimkuta mama anapika chai kwa uwanja wa mpira na sufuria ya kuazima. Joel amelala kando, matope mpaka masikio, anakoroma. Alipoamka nilimwambia asante. Habari ya fomu sikuitoa.

Sikuitoa miaka yote hii. Joel alinisimamia harusi, nami nasimama pale na ile fomu kwa roho.

Mwezi uliopita, figo za Joel zikiwa zimekataa kabisa, nilienda kwake Sigor. Nilijiambia sitarudi nyumbani na huu mzigo. "Joel, ile ripoti. Ni mimi niliandika."

Akaniangalia. "Ouma, hiyo fomu ilikuwa na sahihi mbili. Ya kwanza yako, ya pili yangu. Nilitia sahihi mbele ya bosi. Na huo mwandiko wako mbaya, nani hangeujua?"

Wueh! Alijua. Alinisimamia harusi akijua.

Nikamuuliza mbona hakusema. Akacheka mpaka akakohoa. "Ulikuwa unaogopa kazi yako, nilikuona. Halafu ningebaki kwa lori, si siku ile ningekuwa Chepseon na wewe? Nani angesimama mstari mmoja na mama yako? Acha hayo, nipe maji."

Nikampa maji. Nikalia hapo kwa kiti kama mtoto, na yeye ndiye mgonjwa anayenibembeleza. Nilitoka kwa hiyo boma mwepesi, aki, sijawahi kusikia hivyo. Fikirieni kama ningengoja hadi mwezi huu.

Mama bado yuko, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Nilipompa habari alichukua fimbo yake nyuma ya mlango. Anasema Jumamosi atakuja nayo kwa mazishi, na asiulizwe na mtu.

Joel, kila sinema ikiisha ulikuwa unakuja kwa jenereta unaniambia, "Ouma, zima, watu waende walale."

Nimezima, ndugu yangu. Enda ulale.