Kupanda Kutoka Do Hadi Fa

Nianze kwa kujisifu, maana nikisubiri kusifiwa nitazeeka bure: katika kwaya yetu, mtu wa kwanza kupiga benjo ni mimi, muuza vyombo vya plastiki wa Kariakoo, mama wa watoto wanne na mwenye magoti mabovu.

Benjo lenyewe nililikuta kwenye mitumba Buguruni, ngozi imelegea. Nilijifunza dukani, kati ya mteja na mteja. Nyuzi nilizikaza hivi kwamba ukizipiga wazi, bila kushika popote, zinalia do-mi-so. Ukilaza kidole kwenye chuma cha tano cha shingo yake, unapata fa-la-do. Sauti tatu zikilia pamoja namna hiyo ndiyo tunaita kodi. Nyimbo zetu nyingi hutoka kwenye ile ya kwanza kwenda kwenye hii ya pili, na kila niliporuka kutoka huku hadi kule niliudhika. Katikati palikuwa patupu.

Sisi wanakwaya tumelelewa na sol-fa ya ubaoni. Basi siku moja nikajiuliza, kati ya do na fa si kuna re na mi? Na kila moja si ina kodi yake humo humo, bila kuazima sauti ya nje? Re-fa-la, mi-so-ti. Nikazitafuta. Kumbe umbo la vidole ni lile lile; ukishaishika re, unausogeza mkono vyuma viwili tu na mi hiyo hapo. Nilipiga kelele hadi jirani yangu, muuza mabegi, akaja mbio akidhani nimeibiwa.

Jumatano nikazipeleka mazoezini Magomeni. Wimbo ulikuwa wa mwalimu wa kwaya, aliutunga mwenyewe na hapendi uguswe. Besi wetu wana tabia moja mbaya: hawamtazami mwalimu, wanafuata ala. Na mimi kwa furaha yangu nikaipa kila kodi mpya mapigo manne kamili. Sauti za juu zikafika fa, mimi na besi bado tuko kwenye re. Ikawa vurugu tupu.

“Mama, wimbo huu una kodi tatu,” mwalimu alisema. “Hizo nyingine umezitoa wapi?”

“Humo humo kwenye wimbo, Mwalimu.”

“Sikukuu ya mavuno tuna wageni, kwaya nne. Ukinipotezea besi tena, benjo linabaki nyumbani na wewe unarudi sauti ya pili.”

Niliumia sana. Sauti ya pili wako kumi na mmoja. Kwenye benjo niko peke yangu.

Kosa nililigundua dukani. Duka langu lina mlango wa nyuma, na watu hulikatiza kwenda uchochoro wa pili. “Hodi mama, napita,” na huyo katokea upande wa pili, mteja wangu hata hajageuka. Mimi kodi zangu za kupita nilikuwa nimezikaribisha viti. Nikaipunguza do: do mapigo mawili, re moja, mi moja, na fa inafika kwa wakati wake. Nilirudia hivyo wiki nzima, hadi muuza mabegi akawa anaupiga wimbo kwa mluzi.

Siku ya mavuno, ubeti wa kwanza nilipanda na besi wakafika fa pamoja na wenzao. Lakini uso wa mwalimu ulikuwa umekunjamana, nikaingiwa na woga. Ubeti wa pili nikaruka kama zamani. Besi waliingia kwa kusitasita, na mwalimu akageuza kichwa. Mkono wake wa kulia uliendelea kuongoza kwaya. Wa kushoto akaushusha usawa wa kiuno, kiganja chini, kisha akaupandisha mbele yangu hatua kwa hatua: moja, mbili, tatu. Akanitolea macho, kama anayeuliza nasubiri nini.

Nikapanda. Ubeti wa tatu nikapanda, wa nne nikapanda, machozi yananitoka na sijali nani anaona. Wimbo ule ni wake, kila neno na kila nukta. Zile hatua mbili za katikati ni zangu, na alizidai mwenyewe mbele ya kanisa zima.