Nilimpigilia Jabali Kiatu Ili Nikamwone Njeri

Kosa ni langu, na tafadhali usinitetee. Nilidanganya kwamba najua kumvisha farasi viatu, tena nikadanganya kwa jina la rafiki yangu.

Mimi ni Mkenya, dereva wa lori kwenye shamba moja nje ya Riyadh. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, ambaye sote tunamwita baba, anapenda wale farasi wakubwa wa kuvuta mikokoteni, wenye manyoya miguuni kama wamevaa soksi. Siku za kawaida wanabeba majani shambani. Msimu wa maonyesho ukifika wanaogeshwa, wanasukwa na kuvuta gari la mapambo, wawili wawili, mbele ya watu. Mkubwa wao anaitwa Jabali.

Anayewapigilia viatu vya chuma ni rafiki yangu Osman, Msudani. Tulipoalikwa maonyesho ya Jeddah, yeye alikuwa likizo kwa dada yake Misri. Asubuhi ya safari nikaona kiatu cha mbele cha Jabali kinacheza. Nikampigia simu.

"Usiguse nyundo," Osman akaniambia. "Kwato zake ni laini. Mwambie baba amwache nyumbani."

Sasa, Jabali akibaki, mwenzake hawezi kuvuta peke yake, na safari imekufa. Na Jeddah kuna Njeri wangu. Anafanya kazi kwenye nyumba moja mtaa wa Al-Nuzha, na tangu tutoke Kenya tulikuwa tunaonana kwa simu tu. Madam wake alikuwa amekubali awalete watoto kutazama farasi.

Nikaenda kwa baba. "Osman anasema nikipigilie mimi. Amenielekeza."

"Wewe unajua?"

"Najua, baba. Nyumbani tulifuga punda."

Punda wetu hakuwahi kuvaa kiatu maisha yake yote.

"Yalla," akasema baba.

Niliogopa kuchoma nyama ya ndani, kwa hivyo nikatumia misumari mifupi, nikaipiga juujuu. Jabali akageuza shingo, akanitazama jinsi mteja anavyomtazama kinyozi aliyeanza kazi leo. Nikapiga tupa mpaka pakang'aa, nikapiga na picha, nikamtumia Njeri: "Kazi ya mikono yangu."

Jeddah, Njeri alisimama kando ya uzio na watoto wa madam. Nikampungia mkono. Jabali na mwenzake wakaingia vichwa juu, gari likimeremeta. Walipokata kona, kiatu kikachomoka, kikaruka na kutua miguuni mwa jaji. Jabali akachechemea, akasimama, akakataa kabisa. Waliokuwa nyuma yake wakakwama wote.

Mtoto mmoja wa madam akauliza kwa sauti, "Njeri, huyo ndiye fundi wako?"

Njeri akajifunika uso kwa mtandio. Nilidhani analia. Mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Baba hakucheka. Alikagua ukwato uliobanduka pembeni, akatoa simu. "Osman halas," akasema. "Asirudi."

Ningenyamaza, mtu asingejua.

"Baba, Osman alinikataza. Ni mimi niliongopa."

"Kwa nini?"

Nikamwonyesha Njeri kwa kidevu. Baba akamtazama, akanitazama mimi, akarudisha simu mfukoni.

"Wewe, Jeddah mafi tena. Hakuna."

Osman alirudi, akamtibu Jabali, na farasi amepona. Mimi hakunisemesha wiki nzima. Siku hizi, nisipoendesha lori, ninamshikia Jabali mguu Osman anapopiga misumari, na yule mnyama ameamua kuniegemea kwa uzito wake wote. Mgongo wangu haujanisamehe.

Safari za Jeddah amepewa dereva mpya, kijana wa Kakamega, mtanashati. Ndiye anayempelekea Njeri vifurushi vyangu. Juzi Njeri ameniambia, "Huyo dereva wenu ana heshima sana." Sijui alimaanisha nini, lakini usingizi umenipotea.

Kinachoniuma zaidi alikisema baba mwenyewe, akipita zizini na kahawa yake. "Ungeniomba ruhusa," alisema, "ningekupa gari langu dogo uende. Mama watoto wangu ni wa Jeddah. Unadhani mimi nilimpataje?"

Basi wewe uliye huko kazini, ukiulizwa kama unajua na hujui, sema hujui. Na ukiwa na hamu ya mtu wako, mwambie bosi una hamu ya mtu wako. Usimsingizie farasi.